Logi Inasema Imezima, Pampu Inanguruma: Kisa cha Nyumba ya Mama Mkubwa, Shangani, Mtwara

Simu iliita adhana ya alfajiri haijaisha. Nikaona ni mama mkubwa, nikajua kuna jambo maana yeye si mtu wa kupiga saa hizo, na shikamoo yangu aliipokea nusu tu. "Mwanangu njoo, hiyo mashine yako imemaliza maji yote." Eti mashine yako. Wiki tatu nyuma ilikuwa "mashine yetu", wageni wakija anawapeleka kabisa kwenda kuiona.

Nikachukua bodaboda toka Chikongola. Kufika Shangani, uani ni tope tupu. Matuta mawili ya mchicha hayapo, mchanga umesombwa mpaka chini ya ukuta wa jirani, na pampu imetulia kwenye kibanda chake ila ukiisogelea unasikia harufu ya mpira ulioungua. Nikaweka kiganja juu yake nikakitoa upesi. Bomba la plastiki linalotokea juu ya pampu limelegea likapinda shingo kama mua uliopitishwa motoni. Aliyezima meni swichi ni mama mkubwa mwenyewe, alitoka kwenda kutawadha akasikia pampu inalia sauti ambayo siyo, anasema ilikuwa kama mtu anasaga kokoto.

Tanki la juu limejaa mpaka shingoni. Tanki la chini kavu, nilipiga tochi ndani nikaona matope ya chini kabisa.

Sasa kabla sijaenda mbali niseme tu kwamba mi ni mtu wa kompyuta. Umeme najua wa kutosha kubadilisha soketi na kujisifu. Hilo litakusaidia kuelewa kwa nini kisa hiki kilinichukua siku tatu wakati fundi umeme yeyote wa pale stendi angekimaliza kwa nusu saa.

Nyumba yenyewe ya kawaida, vyumba vinne, jirani na bahari, kipindi cha kusi unalala na mawimbi. Maji ya bomba yanakuja kwa zamu. Yakija yanaingia kwenye simtanki la lita 5,000 lililo chini, halafu pampu ya hospawa moja inayapandisha kwenye simtanki la lita 1,000 juu ya mnara, na humo ndo nyumba nzima inakunywa, inaoga na kuosha vyombo. Baba mkubwa muda mwingi yupo Newala kwenye mikorosho, watoto wote wako Dar, kwa hiyo mama mkubwa yupo na binti mmoja wa kumsaidia. Kaka yangu, yaani mtoto wake wa kwanza, ndo alianzisha mambo. Alimwona mama yake usiku anatoka na tochi kwenda kuwasha pampu, afu anakaa kwenye kigoda anasubiri tanki lijae, akanipigia: "Mdogo wangu, fanya hiyo nyumba ijitegemee, vifaa ntatuma." Vikaja na basi kwenye boksi la viatu.

Vilivyokuwemo: Raspberry Pi 4 moja (kompyuta nzima kwenye kibao cha kiganja), swichi tatu za waifai, vibao viwili vya ESP32 (vikompyuta vidogo zaidi vya kuendesha vifaa, vyenye waifai), sensa ya kupima maji kwa mwangwi, ile isiyoingia maji, sensa za joto, na rauta ya laini. Kitu kimoja nilikipatia tangu mwanzo nacho ni kutotegemea apu za kiwandani. Nyingi ya zile apu amri yako inasafiri mpaka seva ya ng'ambo ndo irudi kuwasha taa ya varanda iliyo mita mbili toka ulipokaa, na bando likiisha nyumba inakuwa bubu. Kwa hiyo swichi zote nilizifuta programu zake nikaweka Tasmota, programu ya bure ya kuendesha swichi kama hizo, na kwenye Raspberry Pi nikaweka Home Assistant, ile programu ya bure aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo ubongo wake wote unakaa hapo hapo nyumbani kwako. Vikaongea kwa MQTT, yaani lugha ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi. Hii MQTT ina historia ambayo mtu wa Mtwara ataifurahia, maana Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper waliitunga mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, sehemu ambazo mawasiliano ni ghali na yanakatika katika. Na sisi hapa gesi ya Mnazi Bay inapita Madimba inasafirishwa kwa bomba mpaka Dar. Bomba langu mimi lilikuwa la nusu inchi, lakini kiburi nilikuwa nacho cha inchi thelathini na sita.

Taa za varanda hazikunisumbua. Home Assistant ukishaipa latitudo na longitudo inajipigia yenyewe hesabu ya machweo, na huku kwetu machweo hayahami sana, kati ya Juni na Januari tofauti haizidi dakika arobaini na tano hivi. Friza nalo likawa zuri kuliko vyote. Mama mkubwa anauza barafu na anahifadhia watu pweza, nikapitisha sensa ya joto, DS18B20 yenye waya wake, pembeni ya raba ya mlango. Ikipanda juu ya nyuzi hasi 8 king'ora kidogo kinalia jikoni. Hakuna cha simu. Kinalia pale pale na anayesikia anaenda kuangalia mlango. Lile friza mpaka leo sijaligusa tena, na ningekuwa na akili ningejiuliza mapema kwa nini hilo halisumbui.

Turudi kwenye pampu. Mpangilio wangu wa kwanza ulikuwa hivi: sensa juu ya tanki inapima umbali mpaka kwenye uso wa maji, Home Assistant inageuza kuwa asilimia, na ikifika saa 2 usiku kama maji yako chini ya asilimia 50 swichi ya waifai inawasha pampu, yakifika 100 inazima. Saa 4 usiku ikifika inazima kwa lazima hata kama hayajajaa. Hayo masaa niliyachagua kwa makusudi, saa 2 mpaka saa 4 mama mkubwa yuko macho anaangalia tamthilia, kukiwa na shida atasikia.

Usiku wa tukio, umeme ulikatika saa 2 na dakika 4. Hapo pampu ilikuwa imeshawaka tangu saa 2 kamili. Nyumba ikalala giza. Umeme ukarudi usiku mkubwa.

Asubuhi ile nikafungua logi, daftari ambamo Home Assistant inaandika kila tukio na saa yake. Naitafsiri kama ilivyokuwa, kuanzia baada ya ile 20:04 umeme ulipokatika: 20:05, pampu imewaka, maji asilimia 40. 20:21, maji asilimia 100, pampu imezimwa. 22:00, amri ya kuzima imetumwa tena. Basi. Mpaka 22:48 meni swichi ilipozimwa hakuna kingine, maji 100 muda wote.

Nikaisoma mara tatu. Kwa mujibu wa hiyo logi pampu ilijaza tanki kistaarabu saa 2 na dakika 21 usiku ikazimwa, tukio limeisha. Ila saa 2 na dakika 21 mtaa mzima ulikuwa gizani! Pampu imewakaje bila umeme? Na mama mkubwa kaizima alfajiri, logi inasema saa 5 kasoro usiku.

Hapa ndo nilipopotelea. Siku mbili nzima. Nilishuku memori kadi imeharibika, nikaikopi nikaanza upya. Nikashuku kuna mtu kaingia kwenye waifai, nikabadilisha nywila, binti akashindwa kuangalia video zake na akaninunia. Nikapitia otomesheni mstari kwa mstari. Usiku wa pili nimelala kwenye mkeka sebuleni kwa mama mkubwa na kompyuta tumboni nikiisubiri ikosee tena, haikukosea.

Kilichonifungua ni grupu la WhatsApp la mtaa. Mnajua grupu za mitaa, umeme ukikatika watu wanaandika "umekatika", ukirudi wanaandika "umerudi", kana kwamba hatuoni. Nikapanda juu mpaka usiku ule nikakuta jirani mmoja kaandika "Umerudiii", saa 8 na dakika 7 usiku. Dakika hiyo hiyo mwingine: "Umekata tena." Mwingine: "Umerudi." Afu wa kwanza: "Huu si umeme huu ni disko."

Nikachukua karatasi. Saa 8 na dakika 7 usiku, kwa namba za mashine, ni 02:07. Logi ya mwisho kabla ya giza ni 20:04. Tofauti masaa 6 na dakika 3. Sasa mama mkubwa alizima saa 10 na dakika 51 alfajiri, toa masaa 6 na dakika 3, unapata 22:48. Barabara kabisa!

Kumbe Raspberry Pi 4 haina saa yake yenye betri. Ikizimika inahifadhi muda wa mwisho iliokuwa nao, ikiwaka inaomba muda sahihi kwenye intaneti, na intaneti isipokuwepo inaendelea pale pale ilipoachia kama mtu aliyezinduka usingizini akaendelea na sentensi aliyokuwa anaisema. Na bando la rauta lilikuwa limeisha saa 6 usiku ule ule. Kwa hiyo Pi iliamka usiku wa manane ikaamini ni saa 2 na dakika 4, ndani ya muda halali, ikaiona pampu inafanya kazi, ikaona sawa tu, tuendelee.

Nikafurahi aisee, nikampigia kaka Dar nikamwambia nimemkamata mwizi, ni saa. Kaka ni mhasibu, hajui kitu kuhusu vifaa hivi, akaniuliza swali moja. "Sawa saa ilidanganyika, lakini si umesema ilizima maji yalipojaa? Sasa mbona hayakuzimika?"

Nikanyamaza.

Maana ni kweli. Tuseme saa ilikuwa mbovu, bado amri ya kuzima ilitoka. Mara mbili. Tuweke na hesabu ya maji hapa maana ndo inayoonyesha ukubwa wa jambo. Siku ya kufunga nilipima pampu kwa ndoo ya lita 20, ilijaa kwa sekunde 34, sawa na lita 35 kwa dakika. Tanki la chini lilikuwa na kama lita 4,000 usiku ule. Lita 600 zikajaza tanki la juu kwa dakika 17, na 20:04 kujumlisha 17 ni 20:21, vilevile kama logi ilivyosema. Lita 3,400 zilizobaki zikapanda mnara zikamwagika kupitia bomba la kufurikia mpaka kwenye mchicha. Lita 4,000 kwa 35 ni dakika 114, kwa hiyo kwenye saa 10 na dakika moja alfajiri tanki likakauka, na toka hapo pampu ikazunguka kavu kwa dakika 50. Yale maji machache yaliyobaki ndani ya kichwa chake yakachemka, ndo yaliyolegeza bomba na kuunguza sili.

Nilimwambia mama mkubwa lita 3,400 akaniangalia tu. Nikasema ndoo 170. Hapo akakaa chini. Yeye kakulia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, enzi hizo maji wanayafuata chini bondeni na kuyapandisha kichwani, kilima chote kile. Ndoo 170 kwake si namba, ni miguu. Hakunigombeza. Alisema "haya" akaingia ndani, na afadhali angenigombeza.

Siku ya tatu ndo nikafanya kitu ambacho ningefanya asubuhi ya kwanza. Nilifungua ile swichi ya waifai kwa bisibisi.

Nimezima umeme, nimeichomoa kabisa, iko mezani haina waya hata mmoja. Swichi isiyo na umeme rilei yake, yaani kile kiungio cha ndani kinachovutwa na sumaku ya koili, inatakiwa iwe imeachana. Nikaweka mita kwenye mlio, ncha moja pa kuingilia na nyingine pa kutokea. Piiiiii. Imeshikana. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, kidogo tu, pale juu ya kiboksi cheusi cha rilei. Tik. Mlio ukakata.

Hapo ndo utumbo wote ukawa wazi. Nikakipasua kile kiboksi kwa kisu, ndani kuna vile vidoti viwili vya chuma vinavyogusana, vyote vyeusi, kimoja kina shimo na kingine kina kichuguu cha chuma kilichoyeyuka. Vilichomelewa. Elektroniki ilipokea amri ya kuzima, ikakata umeme kwenye koili ya rilei, ikatangaza kwenye MQTT "nimezima", na Home Assistant ikaandika. Hakuna aliyedanganya. Ila logi inaandika kilichoamriwa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amefunga kitu cha kwenda kumuuliza pampu mwenyewe kama amezima.

Kwa nini ilichomelea? Juu yake imeandikwa 10A 250V. Pampu ya hospawa moja inakula ampea kama 5 ikiwa inazunguka, nikaona imebaki nusu, salama sana. Huo ndo ujinga wa mtu wa kompyuta. Ile 10A ni ya mzigo mpole kama hita au pasi. Mota inapoanza inavuta mara tano mpaka saba ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi, fundi rafiki yangu aliileta mita yake ya kushika waya yenye kunasa kilele tukaona ampea 24. Kila ikiwaka vile vidoti vinapigwa cheche. Wiki tatu vilivumilia. Usiku wa disko havikuvumilia, kwa sababu Tasmota ina mpangilio unaoitwa PowerOnState, na ukiuacha kama ulivyokuja uko kwenye 3, maana yake umeme ukirudi rudisha hali ya mwisho. Hali ya mwisho ilikuwa pampu inawaka. Umeme ukarudi, pampu ikashtuka, ukakata, ukarudi, ikashtuka, mara mbili tatu ndani ya dakika moja, mota haijapata hata mzunguko inapigwa tena, na hapo Pi yenyewe bado haijamaliza kuamka. Kwa hiyo ile saa niliyoihangaikia siku mbili haikuiwasha pampu wala haikuizuia kuzima. Ingekuwa sahihi, Pi ingetuma amri ya kuzima dakika chache mapema, na mchicha ungesombwa vilevile.

Sasa kuna kitu nimekificha mpaka hapa, na nimeona haya kukisema. Lile tanki la juu lilikuwa na boya. Boya la umeme, lile la plastiki lenye waya mweusi, fundi bomba wa zamani alilifunga, maji yakijaa linanyanyuka linakata pampu, halina waifai wala halijui saa ngapi. Mimi ndo nililitoa. Nilipofunga sensa yangu lilikuwa linanichanganya, maji yakicheza linawasha na kuzima asilimia 90 wakati mimi nataka kuona 100 kwenye grafu. Basi nikaunga nyaya zake mbili pamoja, nikazungushia tepu, boya lenyewe nikaliacha linaning'inia pembeni ya mnara. Usiku ule wote lilining'inia pale likiangalia maji yanapita.

Nilipomwambia fundi rafiki yangu hakucheka. Alisema kwenye kazi yao boya na oveloodi (kile kinachokata mota ikivuta umeme kupita kiasi) havipiti kwa mtu yeyote, vinakaa kwenye njia ya umeme wenyewe, ukitaka kuongeza ujanja wako ongeza mbele yao. Ana leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mi nina grafu, nikaona nikae kimya nimshikie tochi.

Tulichofunga upya nakieleza kama kilivyo ili anayetaka akipeleke kwa fundi wake. Pampu sasa inawashwa na kontakta, yaani rilei kubwa ya mota, ya ampea 9, na hiyo 9 ni ya daraja la AC-3, daraja la mota, usisome AC-1 ambayo namba yake inakuwa kubwa na inakudanganya. Chini ya kontakta kuna oveloodi tumeiweka 5.5. Halafu njia ya koili ya kontakta, ambayo inapitisha umeme kiduchu tu, ndo tumeipanga kama foleni: fezi inapita kwanza oveloodi, pale kwenye ncha namba 95 na 96, inaenda boya la tanki la chini ambalo linakata maji yakiisha, inaenda boya la tanki la juu ambalo linakata yakijaa, inafika kwenye kitufe cha kuzungusha chenye Mkono, Zima na Otomatiki, na ni kwenye Otomatiki peke yake ndo inapita kwenye rilei ya ESP32 yangu kabla ya kufika A1, ncha ya kuingilia ya koili. Kompyuta imekuwa wa mwisho kwenye foleni. Inaweza kuomba pampu iwake, haiwezi kulazimisha, na hata ukiweka Mkono yale maboya bado yapo.

Mtu makini ataniuliza, na kontakta nayo ikinata? Inaweza, na ikinata maboya yote hayasaidii kitu kwa sababu yanakata koili tu. Ndo maana tukaongeza kipima umeme, PZEM-004T, koili yake imezunguka waya wa pampu. ESP32 ikisema zima na baada ya sekunde tano bado kuna ampea zinapita, king'ora kinalia jikoni, ndugu yake na yule wa friza. Kipimo hicho hicho kinanipa la bure: pampu ya aina hii ikizunguka kavu inakula umeme mdogo kuliko ikiwa na maji, kwa hiyo ikishuka chini ya 3 na nusu wakati imewaka, inazimwa. Hiyo namba nimeipata kwa kupima ya kwetu, usiichukue.

Sheria za pampu nimezihamishia kwenye ESP32 yenyewe, haitaki Pi wala waifai. Umeme ukirudi inakaa dakika 5 inapima, volti ziwe kati ya 205 na 245 mfululizo, zikichezacheza inaanza kuhesabu upya. Saa nimeitoa kabisa kwenye maamuzi. Kwenye Pi nimeweka kisaa cha DS3231 chenye betri ya kidonge kwa ajili ya logi na taa tu (Raspberry Pi 5 ina saa yake ndani, wewe unanunua tu betri, ila sisi tunayo 4 na itakaa hapo mpaka ife). Swichi zingine mbili za waifai ziko kwenye taa, na PowerOnState yake ni 0.

La chumvi nilitaje kwa ufupi maana wa Shangani na Mikindani linawahusu. Kibao cha kwanza nilikiweka kwenye kopo la aiskrimu, wiki tatu tu skrubu zimeota ukijani. Sasa kiko kwenye boksi la kuzuia maji, nyaya zinaingilia chini, nimeweka na vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye viatu. Sensa ya mwangwi nayo iliniumbua, karibu sentimita 20 za mwanzo haioni kitu, kwa hiyo maji yakipanda sana inaropoka. Nimeinyanyua kwa kipande cha bomba. Bado mvuke unaganda chini ya mfuniko na kuna asubuhi inasema tanki lina asilimia 130. Siku hizi naisoma nacheka, kwa sababu si yeye anayezima.

Sili mpya elfu 15, bomba na viungio elfu 12, kontakta na oveloodi kaka kalipa. Mchicha nimepanda mwenyewe.

Siku ya kukabidhi nilimwita mama mkubwa aje aone. Nikazima meni na kuiwasha mara tatu haraka haraka, kama ule usiku. Pampu kimya. Dakika moja, mbili, binti anahesabu kwenye simu, ya tano ikapita kidogo, kontakta ikagonga tak, maji yakapanda. Nikaanza kumweleza habari za volti, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Boya liko wapi?"

Nikamwonyesha la chini, maana la juu asingeweza kulipanda. Akafunua mfuniko wa tanki, akaingiza mpini wa ufagio akalipitisha chini ya waya na kulinyanyua mpaka boya likaning'inia nje ya maji, kichwa chini. Pampu ikakata. Akaliachia likaelea. Nikazungusha kitufe kwenye Mkono ili asisubiri, ikawaka. Akalinyanyua tena, ikakata. Akafanya hivyo mara nne, hasemi kitu, afu akafunika tanki akampa binti ufagio.